Masika yasikushushe kwenye baiskeli

Umewahi kumtazama kwa makini mnoa visu anayepita mitaani kwetu Kawangware? Huja na baiskeli yake, akaiegesha kwenye stendi mbele ya lango, akapanda kitini na kuanza kukanyaga. Gurudumu la nyuma liko hewani. Jiwe la kunolea linazunguka, cheche zinaruka, na akina mama wanajipanga wakiwa na visu na makasi yao. Mtu huyo huendesha baiskeli kutwa bila kusonga hata hatua moja. Akikibana kisu kwenye jiwe, pedali huwa nzito. Akikilegeza, huwa nyepesi.

Nimeanza na mnoa visu kwa sababu kila masika yanapoingia, kati ya Machi na Mei, kuna swali ambalo wagonjwa huniletea kliniki: "Daktari, nikitaka kukanyaga baiskeli ndani ya nyumba mpaka mvua iishe, ninunue ipi?" Wengine wamekwisha kuona kwenye simu mitambo ya ng'ambo inayong'aa na wameanza kuhesabu akiba yao. Jibu langu fupi ni kwamba mnoa visu amekwisha kutuonyesha njia: stendi imara, gurudumu lililoinuliwa, na kitu cha kuzipa pedali uzito. Jibu refu ndilo makala haya, na mengi yaliyomo nilijifunza kutokana na kosa langu mwenyewe.

Kosa la daktari

Mgonjwa wangu mmoja, ambaye sitamtaja jina, ni fundi wa vyuma mwenye umri wa miaka hamsini na ushei. Anaishi Gatina na kufanya kazi Eneo la Viwanda. Kwa miaka mingi alikuwa akienda kazini kwa baiskeli aina ya mamba, ile nyeusi nzito yenye keria pana. Ni safari ya zaidi ya kilomita kumi kwenda, na nyingine kama hiyo kurudi. Shinikizo lake la damu lilikuwa limetulia kwa kidonge kimoja tu kwa siku.

Masika ya mwaka 2024 yalikuwa makali kupita kiasi. Msomaji atakumbuka mafuriko ya Aprili na Mei mwaka huo, ambayo yaliua zaidi ya watu 200 nchini na kuwaacha maelfu ya wengine bila makao. Vichochoro vyetu viligeuka mito ya matope. Mzee aliiegesha mamba, akaanza kupanda matatu. Alipokuja kliniki mwezi wa Mei nilimpima nikapata 168 kwa 102. Nilimwuliza kama anameza dawa, akasema anameza. Nilimwuliza kuhusu chumvi, akasema hajazidisha. Basi nikamwongezea kidonge cha pili, cha kupunguza maji mwilini, nikamwita mgonjwa aliyefuata.

Mwezi wa Julai aliletwa na jirani yake, mkono umefungwa kwa leso. Mvua ilikuwa imekwisha, naye alikuwa amerudi kwenye baiskeli yake kama kawaida huku akiendelea kumeza vidonge vyote viwili. Siku hiyo aliposhuka ili avuke Barabara ya Ngong, kichwa kilimzunguka akaanguka. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika. Nilimpima akiwa amesimama, nikapata 96 kwa 60. Nilipomweleza kwamba dawa ilikuwa imemzidi, alinitazama kwa upole akasema: "Lakini Daktari, hukuniuliza kama ninaendesha."

Alisema kweli. Nilikuwa nimeuliza kuhusu chumvi, pombe, sigara na dawa, lakini sikuuliza kuhusu baiskeli, ambayo kwa mtu huyu ilikuwa nusu ya matibabu. Sidai kwamba kuacha baiskeli peke yake ndiko kulikompandisha shinikizo. Masika ya mwaka ule yalimletea kila mtu wasiwasi wa kila aina. Hata hivyo, daktari anayetibu wakazi wa Kawangware bila kuuliza wanafikaje kazini ameacha sehemu ya ugonjwa nje ya mlango wa kliniki. Tangu siku hiyo swali hilo ni la kwanza kwangu.

Kukanyaga ni dawa yenye kipimo

Huenda msomaji akadhani nazidisha. Mwaka 1953 daktari Mwingereza Jeremy Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet utafiti wao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikuwa wakikaa kitini kutwa. Makondakta walipanda na kushuka ngazi za basi tangu asubuhi hadi jioni. Wote walifanya kazi katika basi moja na katika jiji moja, lakini makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva. Nasi tunaopanda matatu za 46 tunaweza kujiuliza ni nani atakayezeeka na moyo mzuri, dereva au makanga anayekimbia nyuma ya gari.

Tangu wakati huo ushahidi umekuwa ukiongezeka. Kwa mtu mwenye shinikizo la juu, mazoezi ya kawaida ya kutoa jasho hushusha kipimo cha juu kwa takriban 5 hadi 8. Hiyo inakaribia kazi ya kidonge kimoja. Kwa mwenye kisukari, misuli iliyofanya kazi huendelea kunyonya sukari kwa urahisi kwa siku moja hadi tatu baada ya mazoezi. Ndiyo maana tunashauri asipitishe zaidi ya siku mbili mfululizo bila kufanya lolote. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila juma, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali.

Lakini dawa hii haiwekwi akiba. Vijana wetu wanaotoka Jumapili asubuhi kupitia Uthiru hadi Kikuyu, au wanaopanda mlima wa kuelekea Ngong, wanalijua hili kwa mapafu yao. Ukikaa majuma mawili hadi manne bila kukanyaga, uwezo wa mwili kutumia oksijeni huanza kushuka, na mlima uliokuwa ukiupanda ukipiga gumzo hukutoa ulimi. Masika ni miezi mitatu. Halafu inakuja baridi ya Juni na Julai, kisha mvua ya vuli kuanzia Oktoba. Anayengoja jua ndipo aanze mazoezi atapoteza nusu ya mwaka. Basi suala la baiskeli ya ndani si anasa ya watu wa Lavington ng'ambo ya barabara. Linatuhusu sisi zaidi.

Ipi basi?

Ziko njia tano. Nitazieleza kwa ufupi pamoja na faida na hasara zake.

Ya kwanza ni baiskeli ya mazoezi ya kawaida, ile isiyo na magurudumu ya kutembea. Hupatikana mpya, au kuukuu katika maduka yauzayo vitu vilivyotumika ng'ambo. Inawafaa wazee, watu wenye kizunguzungu, wanaorejea baada ya kiharusi kwa ruhusa ya daktari, na mama anayetaka kukanyaga akiwa na leso kiunoni. Ukiinunua kuukuu, usidanganyike na kioo cha namba. Panda, kanyaga kwa dakika kumi papo hapo dukani. Je, inayumba? Je, kiti kinapanda na kushuka na kushika sawasawa? Je, ukizungusha kirungu cha uzito, pedali huwa nzito kidogo kidogo au hukwama ghafla? Kama mwenye duka hataki upande, enda zako. Zile zinazotumia sumaku kuleta uzito zina sauti ndogo, jambo ambalo jirani wa upande wa pili wa ukuta wa mabati atakushukuru kwalo.

Ya pili ni ile yenye gurudumu zito la chuma mbele, inayotumika katika vyumba vya mazoezi. Mtindo wa kuikanyaga kwa makundi ulianzishwa na Jonathan Goldberg, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani. Ni nzuri kwa waendeshaji hodari kwa kuwa mkao wake unafanana na wa baiskeli ya mashindano. Hatari yake ni kwamba, katika nyingi kati ya hizo, pedali hazina uhuru. Gurudumu likizunguka, miguu nayo lazima izunguke. Ukijaribu kusimama ghafla, goti ndilo litakalolipa. Jifunze kwanza breki yake iko wapi.

Ya tatu ni stendi inayoshika gurudumu la nyuma la baiskeli yako mwenyewe na kulibana kwenye rola yenye sumaku, feni au mafuta ili kuleta uzito. Hii ndiyo chaguo langu kwa wengi, na nitaeleza sababu.

Ya nne ni rola tatu zilizolazwa sakafuni ambazo unaendesha juu yake bila kushikwa na chochote. Hufundisha usawa na ukanyagaji laini. Lakini anayeteleza huanguka, tena katika chumba chenye meza, kabati na jiko. Simshauri yeyote anayetumia dawa za shinikizo aanze na hizo.

Ya tano ni mitambo ya kisasa inayofungwa kwenye baiskeli na kuunganishwa na intaneti, ambapo unashindana na watu walio mbali huku ukitazama barabara kwenye kioo. Si mchezo wa kitoto. Desemba 2020, wakati wa janga la korona, yalifanyika mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia ya aina hiyo, na mshindi upande wa wanawake alikuwa Mwafrika, Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini. Mwenye uwezo na anunue. Lakini bei ya mtambo mmoja mzuri inaweza kupita kodi ya mwaka mzima ya chumba kimoja hapa kwetu. Tena unahitaji umeme wa kutegemewa na intaneti isiyokatika, na mvua kubwa ndiyo huondoka na vyote viwili.

Kwa nini baiskeli yako mwenyewe

Nakiri kwamba mimi pia niliingia mtegoni. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua baiskeli ya mazoezi yenye vidude vingi. Juma la kwanza niliipanda kila siku. Juma la tatu mke wangu alianika soksi juu ya usukani wake. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa na kabati la nguo la bei ghali kupita yote katika mtaa wa Satellite. Ubovu haukuwa wa mashine. Niliinunua nikidhani bei kubwa ingenilazimisha kuitumia.

Kwa hiyo, msomaji, nakushauri usijiulize ni ipi iliyo bora duniani. Jiulize ni ipi utakayoipanda Jumanne jioni, umechoka, mvua inanyesha na watoto wanalia njaa. Kwa mtu ambaye tayari ana baiskeli, jibu ni baiskeli hiyo hiyo. Mwili wako umekwisha kuizoea. Kiti unakijua. Na jua likitoka, unaishusha na kwenda kazini.

Mamba huja na stendi yake ya nyuma inayoinua gurudumu, lakini stendi hiyo iliundwa kushika mzigo uliotulia, haikuundwa kwa mtu anayesukasuka juu yake kwa nusu saa. Fundi wa jua kali anaweza kukuchomea nyingine ya vyuma vya pembe. Mwambie mambo manne. Miguu iwe mipana, angalau kama urefu wa mkono wako kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, kila upande. Ishike ekseli pande zote mbili kwa nati, isiishie kuinua fremu tu. Gurudumu la nyuma liwe hewani kwa upana wa vidole vitatu, nalo la mbele liinuliwe kwa ubao ili baiskeli ilale sawa. Na ncha zote za chuma zisuguliwe zisije zikakuchana.

Uzito wa pedali je? Waswidi walitatua jambo hili katika maabara zao miaka ya 1950 kwa kupitisha mkanda juu ya gurudumu na kuukaza au kuulegeza. Fundi anaweza kufanya vivyo hivyo kwa mkanda wa turubai juu ya tairi kuukuu lisilo na meno, ncha moja ikifungwa kwenye stendi na nyingine kwenye springi yenye skrubu. Usitumie breki ya baiskeli kuleta uzito. Breki hupasha rimu moto, raba zake huisha, na mpira wa ndani unaweza kupasuka.

Wako watakaosema kwamba vifaa vya kuchomelea haviwezi kumjenga mwendeshaji hodari. Wakumbuke kwamba Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, alianza kufunzwa na Mkenya David Kinjah huko Mai-a-Ihii, karibu na Kikuyu. Kutoka Kawangware hapo ni mwendo wa baiskeli tu. Kule kulikuwa na baiskeli za kutengenezwatengenezwa na nidhamu ya kila siku, na nidhamu ndiyo iliyokuwa na thamani zaidi.

Jiko, mtoto na dirisha

Sasa nafika penye hatari, na hapa naomba msomaji asisome kwa haraka.

Wengi wetu tunaishi katika chumba kimoja ambacho ni jikoni, sebule na mahali pa kulala. Wakati wa mvua mlango hufungwa na jiko la makaa huwashwa ndani kwa ajili ya chakula na joto. Makaa yakiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu hukosa nafasi ya kubeba hewa unayoihitaji. Mtu aliyetulia huvuta takriban lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Anayekanyaga kwa bidii anaweza kuvuta 40, hata 60. Maana yake ni kwamba katika chumba kile kile anayefanya mazoezi huvuta sumu maradufu kuliko aliyeketi kando yake. Usikanyage kamwe katika chumba chenye jiko la makaa linalowaka, wala lililozimwa hivi punde. Litoe nje kwanza, fungua mlango na dirisha, subiri hewa ibadilike. Ukisikia kichwa kinauma, kichefuchefu au miguu kulegea, toka nje na utoe kila mtu.

Hatari ya pili ni watoto. Gurudumu linalozunguka mahali pamoja humvutia mtoto kuliko linalokwenda, na kidole chake hupita kwa urahisi kati ya spoku au kwenye mnyororo. Kidole kilichokatwa na mnyororo ni vigumu sana kukirudisha. Funika mnyororo, na kabla ya kupanda hakikisha mtoto mdogo yuko mikononi mwa mtu. Kama hakuna wa kumshika, ahirisha hadi alale. Ukimaliza, shika gurudumu hadi litulie.

Hatari ya tatu ni joto. Barabarani upepo hukupoza. Ndani hakuna upepo, na jasho hukutoka hata kama nje ni baridi. Feni ni nzuri kama unayo. La sivyo, kaa karibu na mlango ulio wazi. Weka chupa ya maji yaliyochemshwa au kutibiwa. Kama una mizani, jipime kabla na baada: kila kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya maji uliyopoteza. Na kwa heshima ya jirani, tandika kipande cha zulia kuukuu chini ya stendi, usikanyage saa tano za usiku.

Kukaa sawa

Kiti kikikosewa, maumivu yatakutoa kwenye baiskeli kabla ya mvua kwisha. Njia rahisi ni hii: vua viatu, kaa kitini, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Halafu ukikanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, kama inavyotakiwa. Goti likiuma mbele, aghalabu kiti kiko chini mno. Likiuma nyuma, kiko juu mno. Ukisikia ganzi sehemu za siri, usione haya wala usivumilie. Kwenye baiskeli isiyosonga mtu huketi bila kuinuka, na mishipa hubanwa. Simama juu ya pedali kwa nusu dakika kila baada ya dakika kumi, na hakikisha pua ya kiti haijaelekea juu.

Kiasi gani?

Kwa anayeanza au aliye na shinikizo, anza na dakika kumi asubuhi na kumi jioni, siku tano kwa juma. Ongeza dakika tano kila juma hadi ufikie nusu saa kwa siku. Hapo umefika dakika 150. Kipimo cha ukali ni mdomo wako: uweze kusema sentensi nzima lakini usiweze kuimba. Kasi ya miguu hupimwa kwa kuhesabu goti la kulia linapopanda kwa sekunde 15. Likipanda mara 18 hadi 22, uko sawa. Chini ya hapo, uzito umezidi.

Kwa vijana wa mashindano, nusu saa ya upole haitoshi kulinda mapafu. Mara mbili kwa juma, baada ya dakika kumi za kupasha mwili joto, kanyaga kwa nguvu dakika mbili, pumzika kwa kukanyaga kwa upole dakika tatu, rudia mara tano. Siku nyingine kanyaga kwa utulivu. Usifanye kila siku kuwa siku ya vita.

Na wote, msishuke ghafla. Punguza kwa dakika tano. Damu iliyojaa miguuni ikikosa kusukumwa na misuli, shinikizo hushuka na mtu huanguka. Mzee wangu wa Gatina anaweza kuwaeleza.

Mwone daktari kwanza

Usianze bila kumwona daktari kama shinikizo lako ni 180 kwa 110 au zaidi, kama una maumivu ya kifua, kama umewahi kuzimia, au una ugonjwa wa moyo unaojulikana. Anayetumia insulini au glibenclamide apime sukari kabla ya kukanyaga na awe na kitu kitamu karibu, kwani sukari inaweza kushuka hata saa kadhaa baadaye. Anayetumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo kama atenolol asifuate hesabu ya 220 kutoa umri, maana dawa hiyo huzuia mapigo kupanda. Atumie kipimo cha mdomo. Na mwenye dawa za shinikizo amweleze daktari wake mara mbili kwa mwaka: siku anayoacha baiskeli na siku anayoirudia. Daktari asipokuuliza, mwambie wewe.

Pendekezo langu

Si kila mtu ana nafasi ya kuweka baiskeli kando ya kitanda. Lakini makanisa na misikiti yetu ina kumbi zenye paa zima na madirisha makubwa, ambazo siku za kazi hukaa tupu kwa saa nyingi. Vyama vyetu hununua mahema, viti na sufuria kwa ajili ya harusi na matanga. Kwa nini chama cha watu kumi kisinunue baiskeli mbili za mazoezi zilizotumika, zikawekwa ukumbini, kila mmoja akapata nusu saa yake? Tunachangishana bila kusita mtu akilazwa kwa kiharusi. Sehemu ndogo ya mchango huo, ikitolewa mapema, ingewabakisha wengine nyumbani.

Na mzee wetu je? Mkono ulipona. Kwa kuwa ni fundi wa vyuma, hakuhitaji kumlipa mtu. Kabla ya masika ya mwaka 2025 alijichomea stendi yake kwa vipande vilivyobaki kazini, akaiweka mlangoni pa chumba chake ambapo upepo unapita, jiko likiwa nje chini ya paa. Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, mvua ikipiga mabati. Mwezi wa Mei alipokuja kliniki nilimpima nikapata 136 kwa 84, naye akiwa bado kwenye kidonge kimoja. Safari hii nilimwuliza kuhusu baiskeli kabla hajaketi.